Macho Yako Yalikuwa Mazima

Mzee Sudi,

Shikamoo.

Mvua imenifungia kibandani tangu asubuhi. Hakuna gari hata moja lililoingia kuoshwa, nami nimechana karatasi kwenye daftari la mwanangu Neema ili nikuandikie. Usiniulize barua itakufikiaje. Padri wetu angenishangaa, na shehe wenu vilevile. Ila kuna jambo nilipaswa kukuambia ukiwa hai, na kila siku nilijiambia nitasema kesho. Kesho hizo zikaisha.

Nianze na habari za hapa, maana ulipenda kupewa habari kabla ya maneno mazito. Mtaa wetu wa Gungu ni ule ule. Kiangazi kilichopita vumbi lilikuwa jekundu mpaka kwenye nyusi, sasa ni matope tu. Jirani yetu anayeziba matairi ameoa, na mkewe anamfokea kuliko ulivyokuwa ukimfokea wewe. Redio yako inafanya kazi, ila lazima uipige kibao kwanza. Bango letu halijabadilishwa, jina lako bado lipo. Watu wanaopita mara ya kwanza huuliza, "Mzee Sudi yuko wapi?" na mimi bado sijajua namna ya kuwajibu.

Unakumbuka nilivyofika kwako? Nilikuwa mama wa migebuka. Nilikaanga samaki kando ya barabara, nawauzia wateja wako na ugali wa muhogo wakati wakisubiri magari yao. Wewe ulikuwa umestaafu udereva wa serikali na kufungua mahali hapa pa kuoshea magari, na kila asubuhi ulinisalimia kwa Kiha chako cha kubahatisha, "Mwakeye, mama," kwa lafudhi ya Ujiji iliyonichekesha mpaka nasahau kugeuza samaki. Siku moja magari manne yaliingia kwa pamoja, ukaniomba nikushikie mpira wa maji. Nikashika. Nikakushikia na kesho yake. Mwezi haukwisha ukaniambia, "Mama Neema, wewe una mkono mwepesi. Mtu wa mkono mwepesi hapaswi kuishia kwenye karai la mafuta."

Hakuna aliyewahi kuniambia neno zuri juu ya mikono yangu. Aliyenizalisha alinitoroka Neema akiwa na miezi mitatu, na kwetu, kijijini juu ya Mwandiga, walinipokea kama mzigo. Nikaacha karai.

Kuosha nilijifunza kwa wiki mbili. Kukausha kulinichukua karibu mwaka. Ulikuwa ukisema gari haliharibikii kwenye sabuni, linaharibikia mwishoni, mtu akishachoka na mwenye gari anatazama saa. Mimi sikukuamini. Nilidhani kukausha ni kufuta maji tu, na kwamba kitambaa chochote kisafi kinafaa. Hukubishana nami. Ulikwenda kwa mafundi wa Mwandiga, ukarudi umebebewa kwenye bodaboda mlango mzima wa gari kuukuu, mweusi. Ukauegemeza ukutani, ukausugua polishi mpaka nikaona meno yangu, halafu ukaugawa kwa utepe sehemu sehemu.

Ilituchukua siku tatu. Kila sehemu tuliilowesha na kuikausha kwa kitu chake, tena na tena, kisha tunaupeleka mlango juani kuutazama. Fulana yangu ya zamani, niliyoamini ni laini kuliko vyote, iliacha michirizi pale mshono ulipopita. Kipande cha kanga kilikuwa chepesi, lakini kikishalowa kinagoma kunywa maji, kinayasukuma tu huku na huku. Sponji iliyokatwa kwenye godoro ilificha mchanga tumboni mwake. Ule mpira wa kukwangulia maji kwenye vioo ulikuwa mwepesi na wa haraka, nikashangilia, mpaka chembe moja ilipoingia chini yake ikachora mstari ulionyooka kama wa rula. Sehemu nyingine tuliiacha ikauke yenyewe kwa jua, ikabaki na viduara vyeupe vya maji ambavyo havikutoka hata kwa siki. Tukaazima pampu ya upepo ya jirani. Ikatema mafuta.

Lililobaki ni lile taulo nene lenye manyoya mafupi, ulilolileta kutoka Dar es Salaam enzi zako za udereva. Ukaniambia nijaribu. Nikafuta kwa nguvu, kwa mizunguko, kama ninavyofuta sufuria. Tukautazama mlango juani. Nao ulikuwa umechorwa, kidogo, lakini umechorwa.

Ukacheka, ukalichukua taulo mkononi mwangu. Uliliosha kwanza. Kisha ukachomoa kichwa cha mpira wa maji, ukayaacha maji yatoke polepole, bila presha, yakitiririka kutoka juu kwenda chini. Nikaona kwa macho yangu maji yale yakiyabeba matone mengine na kuondoka nayo, mlango ukabaki karibu mkavu kabla hujaugusa. Ukauvuta kivulini. Ukalitandaza taulo juu yake kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, ukashika pembe mbili, ukalivuta kuelekea kwako. Hukubonyeza. Ukalikunja, ukatumia upande mwingine. Tulipoupeleka juani hapakuwa na alama.

"Umeona?" ukasema. "Taulo ni nusu. Nusu nyingine ni uzito wa mkono."

Tangu siku ile tukawa na utaratibu. Paa kwanza, kisha vioo, kisha boneti na buti, milango baadaye, na sehemu za chini kwa taulo jingine kabisa. Mataulo ya matairi ulinifundisha kuyafunga uzi mwekundu pembeni. Na sheria moja hukuipunguza hata siku moja: taulo likianguka chini, hata mara moja, hata mahali palipoonekana pasafi, linakuwa la matairi mpaka lifuliwe.

Sheria hiyo ndiyo niliyoivunja, Mzee.

Nakuandikia sasa kama ilivyokuwa. Ilikuwa alasiri ile ya gari jeusi la Bwana Ezekia. Ulimpenda yule kijana wa Mbeya, mtumishi aliyehamishiwa huku, kwa sababu alilizunguka gari lake kama bwana harusi. Lilikuwa na wiki moja mikononi mwake. Alikuwa ameliacha kwetu akaenda Kigoma mjini. Wewe ulikuwa umekausha paa na vioo, adhana ikalia, ukaniachia boneti ukaenda kuswali. Mara simu kutoka shuleni kwa Neema. Mtoto ana homa, njoo umchukue.

Nikaharakisha. Taulo likaniponyoka, likaangukia pale mbele ya gurudumu penye kokoto na mchanga. Nikaliokota. Nikalikung'uta mara mbili. Kabati la mataulo lilikuwa hatua kumi tu kutoka niliposimama, lakini siku ile niliziona nyingi. Nikaendelea kukausha, tena nikibonyeza, tena kwa mizunguko. Uliporudi msikitini nilikuwa tayari nimevua aproni. Nikakuambia mtoto anaumwa, ukaniambia kimbia, mama, kimbia. Nikakimbia.

Asubuhi yake jua lilipopanda Bwana Ezekia aliingia hapa akiwa hata hajafunga mlango wa gari. Boneti nzima ilikuwa imejaa mizunguko, na mkwaruzo mmoja mrefu uliopinda toka kwenye taa mpaka karibu na kioo. Hakusalimia. Alisema, "Nani amekausha gari langu? Nataka mtu huyo aondoke hapa leo, nikiona."

Nilikuwa nimesimama karibu na pipa. Nikakutazama. Wewe ulikuwa umelishika lile taulo la jana, nililolitupia kwenye kamba nikikimbia. Ulikuwa ukilipitisha katikati ya vidole, taratibu, na nikaona vidole vyako vikisimama. Ulikuwa umeupata mchanga. Ukajua.

Ukasema, "Ni mimi, Bwana Ezekia. Boneti nimekausha mimi. Macho yangu siku hizi si mazuri."

Sikusema kitu. Mzee, mimi sikusema kitu!

Ulimwomba akuachie gari siku mbili. Ukalisugua kwa polishi na mkono wako mwenyewe, umepiga magoti mbele yake na magoti yale yalikuwa mabovu, mpaka mizunguko ikafifia. Ule mrefu haukutoka wote. Alilichukua gari bila kukushukuru. Wewe ukanawa mikono, ukaketi, ukaniuliza Neema anaendeleaje. Hilo tu. Nilingoja uniulize lile jingine. Nilikuwa nimeshatayarisha machozi na maneno. Hukuuliza siku ile, wala wiki ile, na kadiri ulivyokaa kimya ndivyo nilivyojidanganya kwamba jambo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Bwana Ezekia alisema ofisini kwao, na ofisini kwao wakasema kwingine. Wateja wakaanza kushuka kwenye magari wakinong'ona, "Mama, osha wewe. Mzee asiliguse." Wengine hawakunong'ona. Nakumbuka yule mama wa gari jeupe aliyekuambia usoni, "Babu, pumzika, macho yako tumeyasikia." Ukamjibu, "Haya, mwanangu," ukaondoka kwenye gari lake ukiwa bado umeshika taulo. Mtu uliyeendesha mabosi kwenye barabara za milimani miaka yote ile bila kugonga hata mbuzi! Ukawa wa kukaa kwenye benchi na kukunja mataulo. Miezi minane. Ulikuwa ukiyakunja vizuri mno, pembe kwa pembe, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyachukua mkononi mwako.

Halafu ikaja ile Ijumaa, ukaanguka nyumbani kwako Kasingirima ukivaa kanzu ya kwenda msikitini. Nilipata habari mchana, nikakuta wameshakuosha. Tulikuzika kabla ya jua kuzama. Mimi nilisimama nyuma na wanawake, nikalia kwa kelele kuliko hata nduguzo, na watu wakasema, tazama mwanafunzi wake alivyompenda. Nilikupenda. Lakini sicho kilichonifanya nilie vile.

Sasa sikiliza yaliyotokea baadaye, kwa sababu yanamhusu mkeo.

Bi Mgeni alipokuwa katika eda nilikwenda kumwona kila Jumapili nikitoka kanisani. Nilimpelekea dagaa, mara nyingine mawese kutoka kwetu. Aliniambia niendelee na kazi hapa, eneo ni lake sasa, na ananiamini. Nilikuwa nikiondoka pale nimeinama. Jumapili moja nilimkuta ameshika miwani ya kusomea, ile ya dukani, mpya, bado ina karatasi. Alikuwa amekununulia kwa siri mwezi mmoja kabla hujafa, baada ya kusikia maneno ya mtaani. Aliogopa kukupa, asikuvunje moyo.

Akasema, "Mama Neema, miaka thelathini na sita nimelala naye kitanda kimoja. Mume wangu anapofuka, mtaa mzima unajua, mimi sijui. Kwa nini alinificha? Nilimkosea nini mpaka asiniambie?"

Akaanza kulia. Alikuwa ameliweka hilo moyoni tangu msibani. Kila siku anaisaka siku aliyokukosea. Anaikumbuka hii, anaikumbuka ile, mara uliposema chai ina sukari nyingi, mara ulipokataa kwenda kwa shemeji yako Uvinza. Anatafuta kosa ambalo halipo.

Nikaona kwamba nikinyamaza tena, mama huyu ataingia kaburini akiwa na swali hilo. Nikapiga magoti kwenye mkeka. Nikasema, "Mama, hakukuficha. Macho yake yalikuwa mazima. Nililikwaruza mimi lile gari. Alisema uongo ili nisifukuzwe."

Nikamweleza yote, taulo, simu, mchanga kwenye vidole vyako.

Kisha akasema, kama anazungumza na nafsi yake, "Alikuwa akinitungia uzi kwenye sindano. Mpaka wiki ile ile aliyofariki. Mimi nashindwa, namwita, anatunga mara moja. Nikawa najiuliza, kipofu gani huyu?" Akaanza kucheka, Mzee, machozi yanatiririka na anacheka, anapiga paja. "Sudi! Sudi wewe!" Nilidhani nimesamehewa.

Sikuwa nimesamehewa. Alipomaliza kucheka alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake. Akasema, "Miezi minane alikuwa akirudi hapa hataki kula. Nikimuuliza anasema amechoka. Amechoka na nini, mtu anayekunja mataulo? Wewe ulikuwa ukijua. Toka nyumbani kwangu."

Nikatoka. Jumapili mbili sikwenda. Nilifunga virago vyangu vya hapa, nikamwambia Neema huenda tukarudi kwenye samaki.

Lakini kabla sijaondoka nilitaka nimalize. Nilikwenda nyumbani kwa Bwana Ezekia. Alikuwa nje na mkewe, wanachambua mchele. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitashindwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atanitukana, na nilikuwa tayari. Aliuweka ungo chini. Akasema, "Kwa hiyo mimi nimemtangaza kipofu mtu anayeona. Na amekufa." Akasimama, akajipangusa pumba. Kisha akasema, "Nilisema ofisini mbele ya watu. Itabidi nikaseme tena pale pale."

Akaenda akasema. Na kutoka hapo akawasha gari mpaka Kasingirima, kumwomba mkeo radhi. Sikuwepo. Nimesimuliwa kwamba alikaa barazani tangu alasiri mpaka magharibi, na Bi Mgeni, akiwa ndani nyuma ya pazia la mlango kwa sababu ya eda, akamtolea habari zako za safari zote, hata ile ya kukwama kwenye tope na bosi mwenye suti nyeupe.

Usidhani mambo yote yamekuwa matamu. Nilibaki hapa nikingoja Bi Mgeni anifukuze, virago vikiwa vimefungwa. Wateja wengine wamenihama. Yule mama wa gari jeupe aliniambia, "Bora mzee kipofu kuliko wewe." Ana haki yake. Siku za mwanzo nilikuwa napata gari moja, mawili. Bwana Ezekia ndiye aliyekuja wa kwanza. Alishuka, akanikabidhi ufunguo, akasema, "Kausha wewe mwenyewe. Mimi nitakaa hapa nitazame." Nilichomoa kichwa cha mpira, nikayaacha maji yashuke taratibu, nikalisogeza gari kivulini. Nikalitandaza taulo. Nilipofika kwenye boneti niliuona ule mkwaruzo mrefu, umefifia lakini upo, na nikauona mkono wako umekwenda na kurudi juu yake siku mbili nzima kwa ajili yangu. Nikaacha kazi nikalia pale pale mbele ya mteja. Alinisubiri. Nilipomaliza alilikagua upande kwa upande, akasema, "Haya." Amekuwa akija kila Jumamosi.

Na Bi Mgeni? Alimaliza eda. Wiki iliyofuata, Jumatatu, nikaona bodaboda inasimama hapa na mkeo anashuka, na baibui lake jipya. Hakuwahi kufika kazini kwako tangu uanze, unajua alivyokuwa akisema hataki kuona mumewe akilowa. Alizunguka kila mahali. Aligusa mapipa, akasoma bango, akafungua kabati. Mimi nilikuwa nimesimama kama mshitakiwa. Akaniuliza, "Virago vile pale ni vya nani?" Nikamwambia ni vyangu. Akasema, "Virudishe ndani. Sudi alikulipia kubaki hapa kwa jina lake. Nikikufukuza nitakuwa nimemharibia kazi yake. Ila sijamaliza kukukasirikia, ujue."

Nikasema, "Najua, mama."

Akasema, "Basi nipe maji ya kunywa."

Tangu hapo huja kila Jumatatu. Kuna wiki anazungumza na kuna wiki hazungumzi. Wiki iliyopita alileta kisamvu cha karanga, tukala na Neema, na katikati ya chakula akaniita "mwanangu", kisha akanuna kama aliyeteleza ulimi. Mimi nilijifanya sikusikia. Lakini nilisikia.

Mzee wangu, nisamehe. Siombi kwa sababu nimekwisha kusema, nimesema nikiwa nimechelewa, na wewe ndiye uliyelipa kwa kuchelewa kwangu. Nakuomba kwa sababu sina pengine pa kulipeleka jambo hili. Kama ulinyamaza ukitaka nikue kwanza ndipo nikuambie, basi nimekua, ila ningependa ungekuwepo kuona.

Mvua inapungua. Mungu akulaze pema, kwa dua zenu na kwa sala zetu, zote nakuombea. Mkeo nitamtunza kadiri atakavyoniruhusu. Na kazi yako nitaifanya kwa mkono ule ule mwepesi ulioniambia ninao. Siwezi kukuahidi kwamba sitakosea tena, maana ungejua nadanganya. Ninachokuahidi ni hiki: nikikosea, nitamwita mwenye gari nimwonyeshe mimi mwenyewe, maji yakiwa bado yanachuruzika.

Ni mimi,
Mama Neema